Tundu Katika Ganda la Karanga: Mnunuzi Amjue Fukusi na Sumukuvu

Tumeombwa tuzungumze juu ya karanga, na hasa juu ya mdudu ambaye wengi wetu tumewahi kumkuta ndani ya ganda, tukamtupa pembeni, kisha tukaendelea kula. Huenda mtu akauliza kwa nini ofisi ya umma iwakusanye watu kwa ajili ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Jibu ni kwamba mdudu mwenyewe hana sumu, wala mtu aliyemtafuna bila kujua hana sababu ya kukimbilia zahanati. Kinachotuleta hapa ni kile kinachoingia kwa kupitia mlango alioufungua yeye.

Tuanze na mdudu. Wataalamu humwita Caryedon serratus. Sisi tutamwita fukusi wa karanga, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na fukusi wanaotoboa maharage na kunde. Ana rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, urefu wake ni milimita 4 hadi 7, na anayemtazama kwa makini ataona kwamba mapaja ya miguu yake ya nyuma ni manene, yenye meno madogo kama ya msumeno. Yupo katika nchi nyingi za joto za Afrika na Asia. Huko Senegal, nchi ambayo uchumi wake ulisimama juu ya karanga kwa miaka mingi, amehesabiwa kuwa mmoja wa maadui wakubwa wa karanga ghalani.

Makao yake ya asili, hata hivyo, si karanga. Karanga ni mgeni barani Afrika: ilitoka Amerika ya Kusini ikaletwa na Wareno. Kabla ya hapo fukusi huyu alikuwa akiishi katika maganda ya miti ya jamii ya kunde, na mti aupendao sana ni mkwaju. Aliyewahi kununua ukwaju uliokaa muda mrefu atakumbuka kokwa zenye tundu la duara, safi, kana kwamba limetobolewa kwa msumari. Karanga ilipofika, naye akakutana na ganda jipya la jamii ileile, lililojaa mafuta, halikumshinda. Ndiyo maana tunamshauri mwenye duka asirundike magunia ya ukwaju na magunia ya karanga kwenye kona moja, na mnunuzi anayekuta vimekaa hivyo ana haki ya kutazama karanga hizo mara mbili.

Namna anavyofanya kazi yake inafaa ieleweke vizuri, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha kwa nini macho peke yake hudanganywa. Jike hubandika mayai juu ya ganda. Kiluwiluwi kikianguliwa hakitembei kutafuta njia. Hutoboa ganda pale pale chini ya yai, kwa tundu dogo mno lisiloonekana kwa urahisi, kikaingia katika punje na kuanza kula. Hukaa humo wiki kadhaa. Kinapokomaa hukata tundu kubwa la duara, kikatoka, na mara nyingi hujifumia kifuko cheupe kama karatasi nyembamba juu ya ganda au chini ya gunia. Kwa hiyo tundu mnaloliona sokoni ni tundu la kutokea. Karanga yenye tundu ni karanga ambayo mdudu amekwisha kuila. Walioko kazini bado wamo katika maganda yanayoonekana mazima. Gunia linaweza kununuliwa likiwa safi machoni, na baada ya mwezi mmoja na nusu likatoa kizazi kizima cha fukusi jikoni kwa mnunuzi. Muuzaji katika hali hiyo si lazima awe mlaghai. Naye pengine hakuona.

Karanga zilizobanguliwa zina wadudu wake wengine. Kuna mbawakavu mwekundu wa unga, yule mdogo anayekimbia mtu akifungua kopo la unga wa siku nyingi, ambaye anapozidi huacha harufu kali isiyoondoka hata kwa kukaanga. Kuna pia nondo wadogo, ambao viluwiluwi vyao hufuma nyuzi kama utando wa buibui na kuzigandisha punje pamoja. Hawa hawana nguvu ya kutosha dhidi ya ganda zima, bali hushambulia punje iliyo wazi au iliyovunjika. Ganda, basi, ni kinga nzuri dhidi ya wadudu wengi isipokuwa yule wa kwanza tuliyemtaja. Na huko shambani, kabla hata ya ghala, mchwa hukwangua maganda yakiwa bado udongoni, hasa mvua inapokatika mapema na ardhi ikakauka.

Sasa tufike kwenye mlango tuliousema. Katika udongo wa mashamba yetu huishi kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye kwa macho huonekana kama unga wa kijani kibichi kinachoelekea manjano. Kuvu huyu akipata joto, unyevu na jeraha la kuingilia, hutengeneza sumu. Kwa Kiswahili tumeizoea kwa jina la sumukuvu, ingawa jina hilo hujumuisha sumu za kuvu wengi. Tunayoizungumzia leo ni aflatoksini. Mdudu humsaidia kuvu kwa njia tatu. Humfungulia ganda na ngozi ya punje. Humbeba, kwa kuwa vumbi la kuvu hushika mwilini mwake anapopita kutoka punje hadi punje. Na wadudu wakiwa wengi hupumua, hutoa mvuke na joto, hata katikati ya gunia kukawa na unyevu ambao haukuwapo siku gunia lilipofungwa. Mtu anayetia mkono katikati ya gunia la karanga na kuhisi fukuto anapaswa kuutoa mkono huo na kwenda kwa muuzaji mwingine.

Habari za sumu hii zilianza kujulikana mwaka 1960 nchini Uingereza, ambako zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usioeleweka. Uchunguzi uliishia kwenye chakula chao, kilichochanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Tangu hapo wanasayansi wameiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kiungo inachokishambulia zaidi ni ini. Aliyeambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi akiila sumu hii, na kwa hiyo chanjo ya homa hiyo kwa watoto ni sehemu ya kinga, ingawa haihusiani na soko.

Kwetu Afrika Mashariki haya si masimulizi ya bata wa ng'ambo. Mwaka 2004, katika maeneo ya Ukambani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20. Katika matukio hayo chakula kilichobeba sumu kilikuwa mahindi. Tunalisema hilo wazi ili mtu asiondoke hapa akidhani karanga iliwaua watu hao. Lakini kuvu ni yuleyule na sumu ni ileile, na mahindi na karanga hukutana katika chungu kimoja, yaani uji wa lishe wa mtoto, ambao katika nyumba nyingi ni unga wa mahindi uliochanganywa na unga wa karanga. Vifo vya ghafla ndivyo vinavyoandikwa magazetini. Kula kidogo kidogo kwa miaka hakuandikwi popote, na ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo moja, na kati ya hizo aina ya B1, iliyo kali kuliko nyingine, isizidi mikrogramu 5. Kilo moja ina mikrogramu bilioni moja. Tupige hesabu ndogo. Chukueni kilo ya karanga zilizobanguliwa. Tukikadiria punje moja kuwa na uzito wa nusu gramu, hizo ni punje 2,000. Ikiwa punje 1,999 hazina sumu hata chembe, na moja tu iliyooza ina mikrogramu 20, kilo nzima ikisagwa pamoja imevuka kiwango mara mbili. Hesabu hii ni ya mfano, lakini tabia yenyewe ndivyo ilivyo: sumu haisambai sawasawa katika gunia, bali hujikusanya katika punje chache mbaya. Hiyo ni habari mbaya kwa mwenye maabara, ambaye sampuli yake inaweza kuikosa punje hiyo. Kwa mwenye ungo ni habari njema, kwa sababu punje chache mbaya zinaweza kuondolewa kwa mkono.

Tunaomba kazi hii ya kuchambua ipewe heshima yake. Mwanga uwe wa kutosha, karanga zitandazwe juu ya ungo au kitambaa cheupe, zisiwe nyingi kwa mara moja. Ondoeni iliyotobolewa, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyochipua na iliyovunjika ambayo ndani yake pamepiga weusi au umanjano. Punje iliyosinyaa isionewe huruma kwa kuwa haina tundu. Mara nyingi ni karanga iliyopata ukame shambani, na ukame ni rafiki wa kuvu kama mdudu alivyo. Baada ya kukaanga, sugueni ngozi itoke na mtazame tena, kwa sababu kilichofichwa na ngozi nyekundu huonekana hapo. Mwenye kuonja punje akakuta ni chungu aiteme, wala asiimeze kwa aibu ya wageni.

Tunajua kwamba kumwambia mama mwenye nusu kilo ya karanga atupe konzi moja ni rahisi kwa msemaji kuliko kwa msikilizaji. Bei ya karanga tunaijua, nasi tunanunua masoko hayo hayo. Hata hivyo hatuna ushauri mwingine wa kuweka badala yake, kwa kuwa moto wa jikoni hautoshi. Aflatoksini huvumilia kuchemshwa. Kukaanga huipunguza kiasi, lakini hakuimalizi. Kuosha kwa maji ya chumvi, kuanika juani baada ya ukungu kuota, au kupangusa ukungu kwa kitambaa, yote hayo huondoa sura ya kuvu na kuiacha sumu yake ndani. Punje zilizoondolewa zisipewe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe anayekula sumu hii hutoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hurudi mezani kwa mtoto yuleyule. Zifukieni.

Mnapokuwa sokoni, kipimo kiwe kisado, kopo au debe, msione haya kuomba kufungua maganda matano au sita kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hakatai. Tazameni maganda yenye tundu la duara na vifuko vyeupe vilivyonata. Tikiseni ganda karibu na sikio, kwa kuwa karanga iliyokauka vizuri hulia ndani. Nuseni. Chimbeni chini ya rundo, maana juu huwekwa zile za kupendeza, na hiyo ni desturi ya biashara zote duniani. Tena ulizeni karanga zilibanguliwaje. Wapo wanaonyunyizia maji maganda ili yalainike na vidole visiumie. Uchungu wa vidole tunauelewa, ila maji hayo yakiachwa yakauke yenyewe ndani ya gunia, kuvu huwa amekaribishwa rasmi. Karanga ya kubanguliwa iliyo salama kuhifadhiwa ina unyevu usiozidi asilimia 7 hivi, na mkononi haina ulaini wowote.

Jambo tunalotaka kulikalia kidogo ni bidhaa zilizosagwa. Mwenye kiwanda au mfanyabiashara anayechambua karanga kwa ajili ya wateja wakubwa hubaki na rundo la chenga, zilizosinyaa na zilizobunguliwa. Rundo hilo haliendi jalalani kila mara. Lina mafuta, lina uzito, na lina mnunuzi. Likisagwa, tundu halionekani tena, rangi mbaya huzama katika rangi nzuri, na sukari au chumvi huficha uchungu. Hatusemi kwamba kila unga wa karanga wa bei nafuu umetokana na masalia hayo, wala kila siagi ya karanga. Tunasema kwamba mnunuzi wa punje nzima ana macho yake, na mnunuzi wa unga ana neno la muuzaji tu. Kwa chakula cha mtoto mdogo hasa, nunueni karanga nzima, zichambueni wenyewe, kisha zipelekeni mashineni na msimame hapo zikisagwa. Ikiwa lazima kununua iliyosagwa, basi iwe ya mtengenezaji anayeandika jina lake, mahali alipo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, na yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Alama hiyo haimaanishi kwamba kopo lile mlilolishika limepimwa. Inamaanisha kwamba yupo mtu wa kuulizwa.

Kuhusu mafuta tutasema machache. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa kiwandani kwa utaratibu kamili hupoteza sumu karibu yote. Yale yanayokamuliwa kwa mashine ndogo na kuuzwa yakiwa na mashapo chini ya chupa hayana uhakika huo.

Nyumbani, nunueni kiasi kinachoisha kwa wiki chache. Hiyo ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu haimpi fukusi nafasi ya kumaliza kizazi. Karanga zenye maganda ziwe kavu kabisa, ziwekwe mahali penye hewa, juu ya mbao au kichanja, zisiguse ukuta wala sakafu. Zilizobanguliwa zikae katika chombo chenye mfuniko unaobana, kioo au plastiki ngumu. Mfuko mwembamba wa plastiki hutobolewa na viluwiluwi vya nondo bila taabu. Mwenye jokofu la kugandisha aweke karanga zake humo kwa wiki moja katika mafungu madogo: baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua mayai, viluwiluwi na wadudu wazima. Kisha aache chombo kimefungwa mpaka zirudi kwenye joto la kawaida, ili umande usitue juu ya punje. Kwa wanaohifadhi gunia zima, mifuko ya tabaka mbili au tatu isiyopitisha hewa hufanya kazi nzuri, kwa kuwa wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa. Lakini mfuko huo hauikaushi karanga. Anayefungia karanga mbichi humo amehifadhi unyevu wake pia.

Tumefika mahali ambapo tunaomba tusikilizwe kwa makini kuliko pote. Wapo wanaochukia wadudu kiasi cha kutia vidonge vya kufukizia nafaka katika magunia yaliyo ndani ya nyumba wanamolala. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua fukusi na huua watu vilevile. Mlango wa chumba hauizuii. Dawa hiyo ni ya maghala yanayozibwa, mikononi mwa watu waliofundishwa kazi hiyo, na haina nafasi katika nyumba ya kuishi, hata kidonge kimoja, hata kwa usiku mmoja. Dawa za unga za kuhifadhia mbegu nazo zisipakwe kwenye karanga za kula. Mkiuziwa karanga zenye vumbi jeupe lisiloeleweka, ulizeni, na mkikosa jibu acheni.

Wengi hutuuliza kama karanga isiyo na tundu hata moja ni salama. Hatuwezi kuahidi hivyo. Kuvu anaweza kuingia shambani kwa njia ya ukame au jeraha la jembe bila mdudu kushiriki, na punje yenye sumu inaweza kuwa na sura ya wastani. Wala kila punje yenye tundu haina budi kuwa na sumu. Tundu ni dalili, kama moshi ulivyo. Mnunuzi hawezi kuipima sumu kwa macho, lakini anaweza kupunguza kwa kiasi kikubwa kile kinachoingia chunguni mwake, na kazi hiyo haihitaji chombo zaidi ya ungo na mwanga wa mchana.

Iwapo mtanunua karanga, unga au siagi ya karanga na mkaona ukungu, nyuzi, wadudu hai au harufu ya kuvunda, msiitupe bidhaa hiyo kwa hasira. Iwekeni pamoja na kifungashio chake na stakabadhi, andikeni tarehe na mahali mliponunua, kisha mumwone afisa afya wa eneo lenu au ofisi ya Shirika la Viwango iliyo karibu. Leteni kifungu chote kilichobaki, siyo konzi moja, kwa sababu zile punje chache tulizozitaja huenda zisiwemo katika konzi hiyo. Na kama karanga zina unyevu, zibebeni katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Zikifungiwa katika plastiki ukungu utaendelea kukua njiani, na kipimo kitaonyesha hali ya mfuko wenu badala ya hali ya duka.